Betri ya Pili Huuawa na Nani?

Ukiwa Githongo, katika Imenti ya Kati, gari lako lina kazi za namna mbili. Likipanda, linaingia mashamba ya chai hadi ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, kwenye matope, ukungu na baridi ya alfajiri. Likishuka, linapita Meru mjini na kuteremkia Isiolo, au linaelekea Mbuga ya Kitaifa ya Meru, kwenye vumbi na joto kali. Ndiyo maana magari ya kazi ya huku hubeba betri mbili. Malori ya kukusanya majani ya chai hubeba betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa ziwe volti 24. Land Cruiser za kubeba watalii, wagonjwa na maafisa wa nyanjani hubeba ya pili kando, ili ile ya kuwashia injini isiguswe na friji, taa na redio za mawasiliano.

Na karibu kila mwenye gari la namna hiyo ana lalamiko lilelile: betri hazidumu. Basi mada ya leo ni hii: *Betri za siku hizi ni duni, ndiyo maana zinakufa kabla ya wakati.* Wanaojadili ni wanne: mwenye Kruza ya watalii, mama muuza betri, fundi wa umeme wa magari na dereva wa lori la majani chai. Sikuwapa majina, nimewapa kazi zao tu, kwa sababu hoja wanazozisema ni zile utakazozisikia katika gereji yoyote ya jua kali kutoka Nkubu hadi Maua. Mimi ni mwenyekiti wao, ila mwenyekiti mwenye upande. Naipinga mada, na nitasema kwa nini.

Mwenye Kruza: Nianze mimi, kwa kuwa mfuko unaotoboka ni wangu. Gari langu hupeleka wageni Mbuga ya Meru, Samburu, na wakati mwingine upande wa Chogoria kwa wapanda mlima. Betri ya mbele, ya kuwashia injini, haina neno. Ya nyuma, ya friji, kila mwaka naizika. Nimebadilisha kampuni, nimebadilisha duka, nimenunua ya bei ya chini na ya bei ya juu. Mgeni amelipa pesa zake, anaamka kambini anakuta maziwa yamechacha. Kitu kinachoharibika kila mara, lawama yake iende wapi kama si kwa kitu chenyewe?

Muuza Betri: Mzee, umejijibu mwenyewe. Kampuni umebadilisha, duka umebadilisha, bei umebadilisha. Ambacho hujabadilisha ni gari.

Betri ikitoka dukani kwangu naipima mteja akiona. Ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa inasoma volti 12.6 au 12.7. Ikifika 12.2 ni nusu. Ikifika 12 imebaki kama robo, na chini ya 11.8 hapo hakuna kitu. Inaporudishwa kwangu, mteja akiwa amekasirika, mara nyingi inasoma 11 na ushei. Mwili wake ni mzima, haijapasuka, seli zote sita zipo. Nikiichaji usiku kucha inapanda, asubuhi inaporomoka tena.

Mwenyekiti: Hapo anachokisimulia mama kina sababu inayojulikana, nayo ni kitovu cha mjadala huu. Betri ya risasi na asidi inapotoa umeme, mabamba yake huvaa tabaka la salfeti ya risasi. Ukiirudishia chaji mapema, tabaka hilo huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha nusu kwa siku nyingi, salfeti hujijenga fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi. Sehemu ya bamba iliyofunikwa imepotea. Kwa hiyo betri nyingi huuawa na njaa. Hazikuzaliwa na ugonjwa wowote. Kila siku zinapewa kidogo kuliko zinavyotoa, mpaka siku moja hazisimami tena.

Lakini mama asitoke hapa msafi hivi. Zipo betri zinazokaa rafuni miezi na miezi bila kuchajiwa, zikipoteza chaji zenyewe polepole. Salfeti huanza kabla mnunuzi hajafika.

Muuza Betri: Zipo, siwezi kukataa. Ndiyo maana nawaambia watu waulize tarehe ya kutengenezwa na wadai ipimwe mbele yao. Muuzaji anayekataa kupima, mwachie betri yake.

Lakini kuna la pili ambalo wateja hawataki kusikia. Mzee alinunua betri ya kuwashia akaifanyisha kazi ya friji. Betri ya kuwashia ina mabamba membamba mengi, imeundwa itoe ampea nyingi kwa sekunde chache kisha altaneta iirudishie. Friji haitaki hivyo. Friji inakula kidogo kidogo usiku na mchana. Hiyo ni kazi ya betri ya mabamba mazito, zile ambazo watu huku huziita betri za sola. Mteja anauliza bei, anaona tofauti, anachukua ile nyingine.

Mwenye Kruza: Mara ya mwisho nilinunua hiyo ya sola, mama, ya ampea-saa 100. Ilikaa kidogo zaidi ya zile nyingine, kisha ikafuata njia yao. Sasa unaniambiaje?

Fundi: Hapo niachieni mimi. Mzee, friji yako ikiwa inazunguka inakula kama ampea 4. Kwenye joto la Samburu inazunguka nusu ya muda. Saa 24 ni ampea-saa 48 hivi. Betri ya risasi ya 100 hutakiwi kuishusha chini ya nusu kila siku kama unataka ikae miaka. Kwa hiyo siku moja kambini, gari likiwa limesimama, umemaliza haki yako yote. Kesho yake unaendesha saa mbili ukitafuta simba. Je, hizo saa mbili zinarudisha ampea-saa 48?

Mwenye Kruza: Altaneta yangu ni kubwa. Inatosha.

Fundi: Altaneta inatosha. Waya hautoshi. Kutoka betri ya mbele hadi ya nyuma kwenye Kruza ndefu ni kama mita 5, na umeme lazima urudi, kwa hiyo hesabu mita 10. Uliowekewa wewe ni waya wa shaba wa milimita mraba 6. Ukipitisha ampea 30 katika waya huo, unapoteza karibu volti 0.9 njiani. Altaneta inatoa 14.2 pale mbele, nyuma inafika 13.3. Kwa volti hizo betri inapokea kwa kusitasita. Weka waya wa milimita mraba 25, safari ileile, ampea zilezile, unapoteza volti 0.2 tu.

Sisemi haitajaa kamwe. Betri inavyojaa ampea hupungua, na hasara ya njiani nayo hupungua. Ukiendesha kutwa nzima hadi Marsabit, waya mwembamba nao utafika. Kwa safari ya saa mbili haufiki, na maisha ya gari la watalii ni safari za saa mbili mbili.

Mwenye Kruza: Na huo waya wa milimita 6 niliuweka mimi? Si fundi aliyeuweka?

Fundi: Ni fundi. Na pengine fundi alikutajia bei ya waya mnene, ukamwambia atafute njia nyingine.

Mzee hakujibu hapo, na mimi kama mwenyekiti sikumlazimisha. Ila nitasema hivi: fundi anayekubali kufunga waya asiouamini ili asipoteze mteja, amekwisha kupoteza hoja ya kulaumu mteja. Katika biashara ya umeme wa magari huku, kazi nyingi za kiwango cha chini zimetokana na makubaliano ya aina hiyo, ambapo kila mmoja alijua na hakuna aliyesema. Anayelipia ni yule anayekwama baadaye. Gari la wagonjwa lenye mfumo huohuo likikataa kuwaka saa nane usiku mbele ya boma la mama mjamzito, atakayelipia ni yule mama.

Fundi aliongeza mawili ambayo nayataja kwa haraka. La kwanza ni ati, yaani njia ya kurudia umeme kupitia bodi. Mahali ilipofungwa boliti pakiwa na kutu au rangi, waya mnene wa upande wa chanya hausaidii chochote. La pili ni baadhi ya Land Cruiser za mfululizo wa 80 zilizoundwa kwa soko la Japani: gari zima ni la volti 12, lakini stata ni ya volti 24, na kuna relei inayoziunganisha betri mbili kwa mfuatano wakati wa kuwasha tu. Asiyeijua akiziona betri mbili hudhani ya pili ni ya akiba, anaichomekea friji, na siku hiyo ndiyo mwanzo wa matatizo.

Dereva wa Lori: Mnazungumzia friji na simba. Mimi nabeba majani ya wakulima. Natoka kituo kimoja cha kununulia majani hadi kingine, nasimama, napakia, naondoka, hivyo hadi usiku. Majani mabichi hayangoji. Yakikaa ndani ya gunia yanapata joto na kugeuka mekundu, na kiwandani hawayataki. Betri ikilala nikiwa mlimani na barabara ni matope, hata kulisukuma lori haiwezekani. Kwa hiyo sizimi injini. Nachoma dizeli bure kwa sababu siiamini betri.

Na ninalo la ajabu. Betri zangu mbili zilinunuliwa siku moja, duka moja, aina moja. Inayokufa ni moja tu, na kila mara ni ile ya upande uleule. Nimejifunza kuzibadilisha nafasi kila Jumapili.

Fundi: Redio yako ni ya volti ngapi?

Dereva wa Lori: Kumi na mbili. Na chaja ya simu.

Fundi: Umezichomeka wapi?

Dereva wa Lori: Kwenye betri moja. Zingechomekwa wapi? Lori ni la 24, zingeungua.

Fundi: Hiyo ndiyo inayokufa.

Mwenyekiti: Niruhusuni nikae hapa kidogo, maana kosa hili ndilo limeenea kuliko yote na ndilo linaloeleweka kwa uchache zaidi. Altaneta ya lori haijui kwamba kuna betri mbili. Inaona jumla moja, kama volti 28, na chaji inayopita katika betri ya kwanza ndiyo hiyohiyo inayopita katika ya pili. Ile inayonyonywa na redio iko nyuma daima. Ile nyingine imejaa mapema, lakini chaji haiachi kuipitia. Jumla inaweza kuwa sawa kabisa huku moja ikipata volti 13.4 na mwenzake 14.8. Ya kwanza inajenga salfeti, ya pili inachemka na kumaliza maji. Kwa hiyo dereva akiona inakufa moja tu, asidhani mwenzake ni mzima. Nayo inauawa, ila kwa shibe iliyopita kiasi.

Dereva wa Lori: Lakini tangu nianze kuzibadilisha nafasi zinakaa zaidi. Hilo siwezi kuambiwa si kweli.

Fundi: Ni kweli zinakaa zaidi, kwa sababu umezigawia madhara sawasawa. Sasa badala ya moja kufa mapema, zitakufa zote mbili kwa pamoja. Dawa ni kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12, kinachochukua umeme kutoka kwa betri zote mbili. Redio na simu zichomekwe hapo. Bei yake haifiki bei ya betri moja ya lori.

Dereva wa Lori: Mwambie mwenye lori. Mimi nikimpigia simu kwamba betri imekufa, anatuma pesa. Nikimpigia kwamba tununue kifaa ili betri isife, ananiambia atakuja kuona.

Muuza Betri: Na pesa anayotuma ni ya betri moja. Dereva anakuja kwangu anataka moja aifunge na ile ya zamani. Namwambia chukua mbili au zisubiri zote. Mpya ikifungwa na iliyochoka, iliyochoka inajaa haraka na kuisha haraka, nayo mpya inaburutwa. Anafikiri nataka kumuuzia mara mbili.

Maneno ya dereva yalinigusa kuliko hesabu zote zilizotangulia. Pesa ya kurekebisha hasara hupatikana upesi. Pesa ya kuizuia haipatikani, kwa sababu mwenye gari hajaona kitu kilichovunjika. Katika gari la taasisi ni vigumu zaidi: betri ina fungu lake katika bajeti ya kila mwaka, waya na kifaa cha kushusha volti havina.

Mwenye Kruza: Haya, tuseme nimekubali habari ya waya. Na baridi? Gari langu likilala huku juu, asubuhi stata inazunguka kwa uvivu. Likilala Isiolo linawaka mara moja. Si ni baridi inayoziua?

Muuza Betri: Wateja wengi huja kwangu miezi ya Juni na Julai, kwa hiyo mimi pia nimekuwa nikiamini ni baridi.

Fundi: Baridi inakuonyesha tu kwamba betri ilikuwa imekwisha kuumia. Kwenye baridi kemia inaenda polepole na oili ya injini inakuwa nzito, kwa hiyo betri dhaifu inashindwa. Kilichoidhoofisha ni joto la huko chini, miezi iliyopita. Kanuni ya watu wa betri ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hukata maisha ya betri ya risasi karibu nusu. Sasa fikiria iliyofungwa chini ya boneti, kando ya injini, kwenye barabara ya Isiolo saa nane mchana.

Kuna pia suala la gari lililoegeshwa. Mwezi wa Aprili na Mei wageni ni wachache, Kruza inakaa nyumbani. Kifaa cha kufuatilia gari na kengele ya wezi vikila ampea 0.1 tu, kwa siku ni ampea-saa 2.4, na wiki tatu zinamaliza 50. Hakuna aliyeendesha, hakuna aliyewasha taa, na betri imelala ikiwa nusu, wiki baada ya wiki.

Mwenye Kruza: Basi nimalize maneno haya yote. Ninunue litiamu. Vijana wa Nairobi wanaozipenda safari za porini wote wamehamia huko.

Fundi: Ni betri nzuri. Ya litiamu-chuma-fosfeti unaweza kuitumia karibu yote, na haijengi salfeti. Lakini ukiifunga kwa relei ya kawaida ya kuunganisha betri mbili itavuta ampea nyingi mfululizo, altaneta inaweza kupata moto na kuungua. Inahitaji chaja inayokaa kati ya betri mbili, inayopima ampea na kupandisha volti. Haipendi kukaa karibu na injini. Haipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri, na wewe unasema unapeleka watu mlimani. Hata kwa betri ya risasi, magari mapya ambayo altaneta yake inatawaliwa na kompyuta yanahitaji chaja hiyohiyo, maana kompyuta hushusha volti ili kuokoa mafuta na relei haioni sababu ya kuungana. Kama una pesa ya litiamu, mzee, anza na hiyo chaja na waya. Huenda ukakuta betri ya risasi inakutosha.

Hapo nakubaliana na fundi bila shaka yoyote. Na ninayo sababu nyingine ya kulibeba jambo hili kwa uzito, ambayo wanne hawa hawakuitaja hadi nilipowauliza: betri zilizokufa huenda wapi?

Muuza Betri: Nachukua ya zamani na kumpunguzia mteja bei. Baadaye inarudi kwa watengenezaji. Lakini wapo wanaonunua chakavu mitaani kwa kilo, na wengine humwaga asidi mtaroni ili wabebe kitu chepesi.

Mitaro ya Imenti huingia mitoni, na mito hiyo hushuka hadi Tana. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Tunajua risasi hufanya nini: katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia wakazi sumu, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo, aliongoza mapambano yaliyompatia Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri inayokufa mwaka wa kwanza badala ya wa nne au wa tano inaongeza mzigo wa risasi inayozungushwa kutoka mkono hadi mkono, na si kila mkono ni salama.

Kwa hiyo mada imeanguka. Betri duni zipo sokoni, na muuzaji anayeziacha zilale rafuni ana sehemu yake ya lawama. Lakini betri iliyokufa katika gari lilelile, nafasi ileile, chini ya makampuni matatu tofauti, haikuuawa na kiwanda. Iliuawa na waya mwembamba, ati yenye kutu, redio iliyochomekwa upande mmoja, friji iliyozidi uwezo, au gari lililoachwa likilala nusu chaji.

Wewe msomaji mwenye gari la betri mbili, kabla ya kulipia nyingine dai namba tatu. Betri inasoma ngapi asubuhi kabla ya kuwasha chochote? Injini ikizunguka na betri ya pili ikiwa na njaa ya chaji, volti za betri ya mbele ni ngapi? Na sekunde hiyohiyo, za nyuma ni ngapi? Tofauti kati ya hizo mbili za mwisho ikizidi volti 0.3, tengeneza waya na ati kwanza. Kama lori ni la 24, pima kila betri peke yake injini ikiwa inazunguka. Zikipishana, ondoa redio hapo ilipo leo hii. Mita ya kupimia ni ya bei rahisi kuliko betri yoyote iliyoko dukani, na fundi wa umeme asiyekuwa nayo usimpe gari lako.